Je, umri ndio unaoninyima kazi, au ni wasiwasi wangu tu?

MhasibuMkongwe:

Wanajukwaa, habari zenu. Nina umri wa miaka 54 na nimefanya kazi ya uhasibu tangu nilipomaliza masomo. Mwaka uliopita kitengo nilichokuwa nikifanyia kazi kilifutwa, na tangu hapo nimekuwa nikiomba nafasi ambazo, kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye matangazo yenyewe, ninazimudu bila shida. Mara nyingi sipati jibu lolote. Mara chache nilizojibiwa, nimeambiwa kwamba sifa zangu "zinazidi mahitaji ya nafasi", au kwamba wanatafuta mtu "atakayeendana na timu changa yenye kasi". Hakuna aliyetaja umri. Katika usaili mmoja, hata hivyo, msaili aliniuliza kama nitakuwa radhi kupokea maelekezo kutoka kwa mkuu wa kitengo aliye mdogo kwangu, kisha akataka kujua ninajiona wapi baada ya miaka kumi. Niliposema kwamba ningependa kuwa bado ninafanya kazi hiyo hiyo, alitabasamu, akafunga faili langu, na maswali yakaishia hapo.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, upo ushahidi wa kuaminika kwamba waajiri huwaacha waombaji kwa sababu ya umri, au hii ni faraja tunayojipa sisi tuliokosa? Pili, rafiki mmoja amenishauri niondoe kwenye wasifu wangu mwaka niliohitimu pamoja na kazi zangu za mwanzo. Mwingine anasema kufanya hivyo ni udanganyifu. Ninyi mnaonaje?

TakwimuKwanza:

Ndugu MhasibuMkongwe, kwa mtu mmoja mmoja swali lako la kwanza halijibiki kwa uhakika, kwa sababu kila mwombaji hutofautiana na mwenzake kwa mambo mengi na mwajiri halazimiki kueleza alichokitazama. Ndiyo maana watafiti hutumia njia nyingine: hutunga wasifu wa watu wasiokuwepo, unaofanana katika elimu na ujuzi lakini unaotofautiana katika umri, wakautuma kwa waajiri halisi waliotangaza nafasi, kisha wakahesabu ni nani anayepigiwa simu.

Jaribio kubwa la aina hii lilifanywa nchini Marekani na wachumi David Neumark, Ian Burn na Patrick Button, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Walituma maombi zaidi ya 40,000 kwa nafasi zaidi ya 13,000. Waombaji wao wa kubuni waligawanywa katika makundi matatu: wenye miaka 29 hadi 31, wenye miaka 49 hadi 51, na wenye miaka 64 hadi 66. Katika kazi za ukarani wa ofisi, ambako waombaji wote walikuwa wanawake, vijana walipata mwito katika asilimia 14.4 ya maombi, watu wa makamo asilimia 10.3, na wazee asilimia 7.6. Kwa wanaume matokeo hayakuwa bayana kiasi hicho. Katika baadhi ya kazi tofauti ilionekana, katika nyingine ilikuwa dhaifu.

Nchini Sweden, Magnus Carlsson na Stefan Eriksson walituma maombi zaidi ya 6,000 ya watu wa umri wa miaka 35 hadi 70, wakaona kwamba idadi ya wanaojibiwa huanza kushuka mapema, mtu anapoingia tu katika miaka ya arobaini, na huwa ndogo sana anapokaribia umri wa kustaafu. Huko pia wanawake waliathirika zaidi. Jambo hili la arobaini ndilo linalonishangaza kuliko yote, kwa kuwa mtu wa umri huo ana zaidi ya miaka ishirini ya kazi mbele yake, na hoja ya kwamba "ataondoka karibuni" haiwezi kumhusu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba jambo hilo lipo na limepimwa. Lakini kipimo hiki kinaonyesha kinachotokea kabla ya usaili tu. Hakituambii nini hutokea baada ya mwombaji kuketi mbele ya wasaili, wala hakiwezi kusema kama wewe binafsi uliachwa kwa sababu hiyo.

AfisaAjira:

Shikamoo MhasibuMkongwe. Nimekaa kwa muda mrefu upande wa pili wa meza hiyo, yaani kwenye idara za rasilimali watu, na ningependa kueleza jinsi mambo yanavyokwenda, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kuna mtu anayesema waziwazi, "Huyu mzee, mwondoe." Sijawahi kusikia sentensi hiyo. Ninachokiona ni hiki: maombi ni mengi, muda wa kuyachuja ni mfupi, na anayechuja anahitaji sababu ya haraka ya kupunguza lundo. Anaupitia wasifu kwa sekunde chache, jicho linadondokea kwenye mwaka wa kuhitimu, na hapo hapo kichwani mwake yanajibiwa maswali ambayo hayajaulizwa. Atataka mshahara mkubwa. Hatakaa sana. Hataweza mfumo wetu mpya. Atamsumbua meneja, ambaye ana miaka thelathini na mitano. Kisha kwenye pambizo ya karatasi panaandikwa "sifa zinazidi", maneno ambayo hayamtukani mtu na ambayo hakuna mkuu atakayeyahoji.

Kwa maoni yangu, hofu hizo zote hazina uzito sawa. Ile ya mshahara wakati mwingine ina msingi, kwa sababu mtu aliyekuwa mhasibu mkuu akiomba nafasi ya mhasibu wa kawaida, ni haki ya mwajiri kujiuliza kama amesoma tangazo vizuri. Ile ya kutokaa ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Mwajiri anayemkataa mwombaji wa miaka 54 kwa hofu kwamba ataondoka baada ya miaka sita humchukua wa miaka 27, ambaye mara nyingi huondoka baada ya miaka miwili apatapo mahali penye malipo bora. Hesabu hiyo hufanywa kwa mzee tu. Na ile ya meneja kijana, niseme kweli, mara nyingi tatizo liko kwa meneja mwenyewe, anayeogopa kuulizwa swali asilolijua mbele ya watu wake.

Kuhusu kuondoa miaka kwenye wasifu, sioni udanganyifu wowote. Wasifu si kiapo. Ni maelezo uliyoyachagua ili kuonyesha kwamba unafaa kwa nafasi fulani. Kueleza kwa kina miaka kumi hadi kumi na mitano ya karibuni, na kazi za nyuma yake kuzitaja kwa mstari mmoja bila tarehe, ni desturi inayokubalika. Udanganyifu ni kubadilisha tarehe, au kusema hukufanya kazi uliyoifanya. Ila usitarajie makubwa. Msomaji mwenye uzoefu akikuta shahada isiyo na mwaka anajua mara moja kwa nini haina, na fomu nyingi za mtandaoni hukulazimisha kujaza tarehe ya kuzaliwa kabla hazijakuruhusu kwenda ukurasa wa pili.

Na fomu hizo zina hatari yake. Kampuni moja ya kufundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao ilishtakiwa nchini Marekani mwaka 2022 na tume ya serikali inayosimamia usawa katika ajira, kwa madai kwamba programu yake ilikuwa imepangwa kuwakataa moja kwa moja wanawake wenye miaka 55 na kuendelea na wanaume wenye miaka 60 na kuendelea. Jambo hilo liligundulika baada ya mwombaji mmoja kutuma maombi mawili yaliyofanana kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa, akaitwa kwenye usaili kwa lile lililomwonyesha kuwa mdogo. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza shauri. Huyo mwombaji alifanya peke yake, kwa maombi mawili, jaribio lile lile analolieleza TakwimuKwanza.

MhitimuMpya:

Shikamoo mzee wangu. Naomba niseme jambo ambalo huenda likaudhi, na ninalisema kwa heshima. Sisi tuliohitimu karibuni tunaambiwa kila siku kwamba hatuna uzoefu. Tangazo linataka miaka mitano ya kazi kwa nafasi ya kuanzia, na wenye miaka hiyo ni ninyi. Je, si haki kwamba aliyekwisha kufanya kazi miaka thelathini awapishe wengine? Nafasi hazitoshi, na kila anayebaki kazini hadi miaka 65 anakalia kiti cha kijana mmoja.

TakwimuKwanza:

MhitimuMpya, shida yako ni ya kweli, na kukataliwa kwa kukosa uzoefu nako ni kuhukumiwa kwa umri kwa mlango mwingine. Lakini hoja ya kiti haisimami. Inachukulia kwamba idadi ya kazi katika nchi haibadiliki, kana kwamba ni viti vya basi, ambapo asipoinuka mmoja mwingine hakai. Mtu anayelipwa mshahara hutumia mshahara huo, na matumizi yake ni kazi ya mtu mwingine. Wachumi Jonathan Gruber na David Wise walihariri utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukilinganisha nchi 12, baadhi yao zikiwa zimewahi kuwahimiza wazee wastaafu mapema kwa matumaini kwamba vijana wangepata nafasi. Haukuonekana ushahidi kwamba kuwaondoa wazee kuliwaongezea vijana ajira. Ajira ya vijana na ya wazee zilielekea kupanda pamoja na kushuka pamoja, kufuatana na hali ya uchumi.

Ndani ya ofisi moja, kwa mwaka mmoja, hoja yako inaweza kuwa sahihi: nafasi ni moja na waombaji ni wawili. Ila hapo swali linalobaki ni nani anaifaa kazi, na umri haulijibu.

MkufunziKazini:

Ninaongeza kidogo kuhusu "hataweza mfumo wetu mpya", kwa kuwa kufundisha watu kazini ndiyo shughuli yangu.

Mwaka 2012 Thomas Ng na Daniel Feldman walikusanya tafiti 418, zenye washiriki zaidi ya 200,000, ili kupima dhana sita zinazosemwa sana kuhusu wafanyakazi wazee: kwamba hawana ari, hawapendi mafunzo, wanapinga mabadiliko, hawawaamini wenzao, wana afya duni, na huathiriwa zaidi na mvutano kati ya kazi na familia. Dhana tano hazikupata uthibitisho. Iliyopata ni moja, ile ya mafunzo: wafanyakazi wenye umri mkubwa walionekana kuwa na hamu ndogo zaidi kidogo ya kushiriki mafunzo na kujiendeleza.

Hiyo moja isifichwe, lakini nayo ina maelezo yake. Ninapoletewa orodha ya watu wa kuhudhuria kozi, majina huchaguliwa na wakuu wa vitengo, na wakuu huwapeleka wale wanaodhani watatumia ujuzi huo kwa miaka mingi. Mtu wa miaka 55 ambaye hajaitwa kwenye kozi kwa muda mrefu, na ambaye anapoitwa anafundishwa kwa kasi iliyopangwa kwa watu wanaoijua programu tayari, hawezi kushangilia. Dhana inazalisha hali, kisha hali inatumika kuthibitisha dhana. Nimeshuhudia wahasibu wakongwe wakionekana wazito siku ya kwanza kwa sababu walikuwa wakiuliza programu mpya inaziweka wapi kumbukumbu za marekebisho, swali ambalo vijana waliobofya haraka hawakulifikiria hadi hesabu za mwezi zilipokataa kufunga.

Ni kweli pia kwamba kasi ya ubongo hupungua. Hakuna haja ya kulikana. Lakini kasi ya ubongo na kasi ya kazi ni vitu viwili. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Timothy Salthouse aliwapima wapiga chapa wa umri mbalimbali. Wazee walikuwa wa taratibu zaidi walipotakiwa kubonyeza kitufe mara tu waonapo ishara, lakini walipopewa maandishi ya kupiga chapa hawakuachwa nyuma na vijana. Siri yao ilikuwa kusoma mbele zaidi: macho yao yalikuwa yamekwishapita herufi nyingi zaidi wakati vidole vinaandika zilizotangulia. Msaili anayepima wepesi wa kujibu hawezi kuliona jambo hilo. Atakayeliona ni yule anayempa mwombaji kipande cha kazi halisi akifanye.

MhasibuMkongwe:

Marahaba wanangu, na nawashukuru nyote kwa majibu. MhitimuMpya, hukuniudhi, nina mtoto wa rika lako anayetafuta kazi, na nyumbani tunayasema hayo hayo. Ningependa kusikia upande wa sheria. Je, yale maswali niliyoulizwa kwenye usaili yanaruhusiwa? Na mtu aliyenyimwa usaili anaweza kudai nini?

WakiliMtulivu:

Ndugu, inategemea sheria za nchi ulipo, kwa hiyo nitasema yale yanayofanana kwa wengi, kisha utafute ushauri wa karibu.

Umri ulichelewa kuingia katika sheria za ubaguzi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaokataza ubaguzi katika ajira, unataja rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili na mengineyo, lakini katika orodha hiyo umri haumo. Pendekezo mahususi kuhusu wafanyakazi wazee lilikuja mwaka 1980, nalo ni pendekezo, halilazimishi. Marekani ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1967, inayowalinda wenye miaka 40 na kuendelea. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 2000. Agizo hilo linaruhusu tofauti za umri pale zinapokuwa na lengo halali na njia inayofaa, mlango ambao waajiri na serikali wameupitia mara nyingi. Nchini Uingereza, umri ni miongoni mwa sifa zinazolindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na mwaka uliofuata uwezo wa mwajiri kumstaafisha mtu kwa sababu tu ametimiza miaka 65 ukaanza kuondolewa.

Ukitazama mashauri yenyewe utaona kwamba mtu aliyefukuzwa kazini ana nafasi nzuri kuliko aliyenyimwa. Aliyefukuzwa ana faili, ana tathmini za kila mwaka, ana wenzake wa kutoa ushahidi. Aliyenyimwa ana barua ya mistari mitatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, chini ya sheria ile ya 1967, mlalamikaji hana budi kuthibitisha kwamba bila umri uamuzi usingekuwa ule. Kuonyesha kwamba umri ulikuwa sababu mojawapo hakutoshi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa yenye makao Chicago ilisikiliza shauri la mwombaji wa miaka 58 aliyekosa nafasi ambayo tangazo lake lilitaka uzoefu wa miaka mitatu hadi saba, usiozidi saba. Sharti la namna hiyo, bila kutaja umri hata kidogo, huwafungia nje karibu watu wote wa rika lako. Mahakama ilisema kwamba kifungu kinachozuia masharti yanayowaumiza wazee bila kukusudia kinawalinda wafanyakazi waliomo, wala si waombaji walio nje. Binafsi naona tafsiri hiyo inaiacha sheria ikilinda mlango wa kutokea na kuusahau wa kuingilia, ingawa maneno ya kifungu yanaivumilia.

Kuhusu maswali uliyoulizwa: swali la meneja aliye mdogo kwako, katika nchi nyingi, si kosa lenyewe kwa lenyewe, bali ni ushahidi. Linaonyesha kwamba msaili aliufikiria umri wako. Kwa hiyo hifadhi nakala ya tangazo siku ile ile unayoomba, kwa kuwa matangazo hufutwa. Hifadhi barua pepe zote, na ukitoka kwenye usaili andika maswali uliyoulizwa kwa maneno yake, pamoja na tarehe na cheo cha aliyeuliza. Muda wa kulalamika huwa mfupi, mara nyingi ni miezi michache tu.

MhasibuMkongwe:

Nimekuelewa, wakili. Sina nia ya kushtaki. Nia yangu ni kazi. AfisaAjira, naomba unisaidie jambo moja la mwisho. Fomu nyingi huuliza mshahara niliokuwa nikilipwa. Niko tayari kupokea pungufu, lakini nikiandika wa zamani nahisi ndipo ninapochujwa, na nikiandika mdogo naonekana mtu aliyekata tamaa.

AfisaAjira:

Kama fomu inauliza kiwango unachokitarajia, andika kiwango cha nafasi hiyo, yaani kile unachojua wanaofanya kazi hiyo hulipwa, wala usitoe maelezo. Kama inauliza mshahara uliopita na kukulazimisha kujaza, andika ukweli, kisha utumie barua ya maombi kuondoa shaka kwa sentensi moja iliyonyooka. Mathalani: "Ninafahamu kwamba nafasi hii iko ngazi ya chini kuliko niliyokuwa nayo na kwamba malipo yake yanalingana na ngazi hiyo, ninaiomba kwa sababu ninataka kurudi kwenye kazi ya hesabu yenyewe, badala ya usimamizi." Sababu iwe yako na iwe ya kweli, kwa kuwa utaulizwa tena uso kwa uso.

Aya inayofuata ya barua hiyo iwe juu ya programu ya uhasibu uliyoitumia mwaka uliopita, itaje kwa jina, na ueleze ulichokifanya nayo: hesabu za mwezi ulizifunga kwa siku ngapi, wakaguzi walikuta nini. Neno "uzoefu wa muda mrefu" liondoe kabisa. Na pale inapowezekana, kabla ya kujaza fomu yoyote, mtafute mtu ndani ya taasisi hiyo aliyewahi kufanya kazi nawe, umwombe apeleke wasifu wako moja kwa moja kwa mkuu wa fedha, ili mtu wa kwanza kuusoma awe mhasibu mwenzako.

MhitimuMpya:

Mzee, ukipata nafasi na wakahitaji msaidizi asiye na uzoefu, tafadhali nikumbuke.